Mgeni wa Kubwekewa

Mbwa wa tano alipomrarua suruali, mtaalamu wa tabia za mbwa aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamwomba Gustave apite tena, safari hii polepole.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya Jumamosi, mwanzoni mwa mwaka 2012: kubwekewa. Katika uwanja wa mbwa wa kitongoji kimoja cha wenye nazo, kaskazini mwa Johannesburg, kijibwa fulani kilikuwa kimeingia nusu nzima kwenye mdomo wa mbwa mkubwa. Kilitolewa kizima, lakini kamati ilikaa vikao vinne. Ukajengwa ua wa waya: mbwa wasiofika goti upande huu, wakubwa upande ule. Wakali, wawe wadogo au wakubwa, wangefungwa utepe mwekundu na kupelekwa nyuma ya vyoo. Ili kuwajua wakali, alihitajika mtu asiyejulikana na mbwa yeyote awapitie mbele. Gustave, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akilinda magari hapo nje, alichaguliwa bila mjadala, kwa sababu hakuna mbwa aliyewahi kumwona akanyamaza.

Mkewe, Victorine, aliposikia alicheka mpaka akaweka chini nguo aliyokuwa akishona.

"Siku zote imbwa zinakubwekeaka bule, Papa Héritière. Leo ndiyo wanakulipa?"

Gustave akamweleza habari ya chumba. Nyuma ya geti la uwanja kulikuwa na chumba chenye dirisha na bomba lake, na mwenyekiti wa kamati, Madam Marlene, alikuwa amesema kwamba kazi ikienda vizuri mpaka Pasaka, ataajiriwa moja kwa moja na kupewa ufunguo. Wao waliishi mjini, chumba kimoja, familia tatu, mapazia katikati. Binti yao Héritière, mwenye miaka minne, alikuwa amezoea kulala huku watu wasiomhusu wakigombana pembeni ya kichwa chake. Victorine hakucheka tena.

Mtaalamu akarudi kwake Pretoria, akaiachia kamati iendelee na kipimo kila Jumamosi. Hapo ndipo Madam Marlene alipomvuta Gustave kando.

"Duchess wangu akivaa utepe mwekundu, mimi si mwenyekiti tena," alimwambia. "Na chumba hicho, anayekutetea ni mimi."

Duchess alikuwa kijibwa cha ukubwa wa kiatu, mwenye roho mbaya ya kuwatosha mbwa sita. Gustave hakuwa mjinga. Jumamosi iliyofuata alikuja na ndagala wakavu mfukoni, wale samaki wadogo wa kwao Ziwa Tanganyika, na baada ya wiki tatu Duchess alikuwa akimlamba vidole.

Wenye mbwa wengine nao wakashtuka. Mtaa ule uliogopa utepe mwekundu kuliko wezi. Watu waliozoea kupandisha vioo vya gari wakimwona Gustave wakaanza kumuuliza ameamkaje, kwa sauti tamu, ili mbwa wasikie. Mama mmoja alimkumbatia mbele ya mbwa wake, akamwachia, akamkumbatia tena, maana mbwa alikuwa ametazama kwingine. Bwana mmoja alimkaribisha nyumbani anywe chai bustanini, ili mbwa wake amwone ameketi kwenye kiti kama mtu. Gustave alikunywa chai, akala keki, akaulizwa habari za watoto. Tangu aingie nchi ile hakuwahi kupendwa namna hiyo, na hakuona haya kufurahi.

Kufikia Pasaka hakuna mbwa aliyembwekea. Nyuma ya vyoo kuliota majani.

Jumamosi hiyo uwanja ulijaa. Mtaalamu alikuja kutoa vyeti na kuidhinisha ajira. Gustave alivaa tai. Nyumbani, Victorine alikuwa amekwisha funga masufuria.

Alipita mbele ya mbwa. Mikia ilitikisika mstari mzima, na mbwa mmoja mkubwa kama ndama alilala chali ili akunwe tumbo. Mtaalamu aliirudisha kalamu mfukoni.

"Hawa wanamjua," alisema. "Huyu si mgeni tena. Kipimo hakina maana."

Miaka saba Johannesburg, kwenye foleni za vibali, kwenye teksi, hata kwenye ngazi za jengo alimolala, hakuna aliyewahi kumwambia Gustave kwamba si mgeni. Leo ameambiwa, na kwa kuambiwa hivyo amekosa chumba. Ilimuuma sana. Alilegeza tai mbele ya watu wote, asijali nani anamtazama.

Madam Marlene alisimama kumtetea, lakini mtaalamu alikuwa amekwisha ona mtu mwingine. Getini alikuwa ameingia bwana mmoja wa suti, simu sikioni, akamuuliza Gustave, aliyekuwa karibu, kama huo ndio uwanja wa mbwa. Mtaalamu alimpungia mkono, akamwomba apite mbele ya mstari, mara moja tu. Madam alifungua mdomo, lakini bwana yule alikuwa tayari anatembea.

Duchess alichomoka kwenye kamba, akamdaka muundi. Mbwa wengine wote wakalipuka, wakubwa kwa wadogo, kwa furaha ya waliokaa wiki nyingi bila kazi.

"Huyo ndiye," alisema mtaalamu, uso ukimng'aa. "Kazi ni yake, na chumba apewe. Kuna anayejua anaishi wapi?"

Madam Marlene alikuwa amepiga magoti, akimvuta Duchess miguu ya nyuma ili aachie suruali.

"Kwangu," alisema. "Ni mume wangu."