Jiwe la Mama

Walipoifanya nyumba kongwe ya shamba na mabanda yake kuwa makumbusho, Limi alipewa kazi kwenye jiko la nje, awaonyeshe wageni jinsi marehemu mama yake alivyosaga ulezi. Dada yake, Minza, alikata tiketi akaingia na wageni.

"Hili ni jiwe la mama yangu," Limi aliwaambia.

Roho ikamuuma Minza. "Mama yako peke yako? Jiwe huachiwa binti wa kwanza."

"Dada, si ulisema linakuumiza mgongo? Usivuke kamba ya kuzuia wageni."

Minza akavuka, akapiga magoti, akalishika jiwe la juu. Limi hakuliachia. Wakavutana huku na huku, unga ukizidi kumwagika. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ulezi husagwa na wawili.