Tumbo la Mwalimu Kobe

Zamani, wanyama walipoanza kuoneana wivu wa matumbo, Kobe alijitangaza kuwa mwalimu wa mazoezi. Cheti chake kilikuwa tumbo lenyewe, gumu, lililogawanyika vipande vipande. Moyoni alijua kwamba alizaliwa nalo hivyo hivyo, lakini hilo hakumwambia mtu.

Kila asubuhi wanafunzi wake, Nguchiro na Kima, walimlaza chali, kisha wakalala kando yake.

"Inuka! Lala! Inuka!" Kobe aliamuru, akitazama mawingu. Wenzake walitoka jasho. Yeye hakuinuka hata siku moja, na nani amuulize mwalimu?

Siku moja siafu wakafurika uwanjani. Kima aliinuka mara moja akatimka.

"Mwalimu, inuka!" Nguchiro akapiga kelele.

"Tangulieni," alisema Kobe, akijikaza kisabuni. "Mwalimu huondoka mwisho."

Siafu wa kwanza akamng'ata shingoni. Miguu yote minne ikapiga hewa.

"Nguchiro, mwanangu," akanong'ona, "nipindue."

Nguchiro akainama, akakaza tumbo, akampindua na kumsukuma mpaka mtoni.

Kesho yake Nguchiro ndiye aliyeamuru, "Inuka! Lala!" Kobe alisimama nyuma ya wote, tumbo chini, na hajalionyesha tena mpaka leo.