Kigoda cha Nimo

Salah alianza kuketi maji ya chai yalipobandikwa jikoni. Yalipochemka, makalio yake yalikuwa bado hayajagusa kigoda.

Hicho ndicho kigoda kilichokuwa gumzo la soko zima la mifugo Garissa. Nimo, binti wa mzee Abdiwahab, alikiunda chuoni kwa povu gumu lililochanganywa na nyuzi za majani ya mkoma, chepesi hata kuku angekibeba. Cha kwanza alikikalia Awil. Alijitupa juu yake kama gunia la mahindi, kikapasuka vipande vipande, naye chali.

"Kwa Nimo usiende na pupa kama mimi," Awil alimwambia Salah sokoni, akijisugua kiuno. "Ametengeneza kingine. Keti taratibu, kama ngamia mwenye mimba."

Salah alimpa pole, lakini moyoni alicheka. Alikuwa akimpenda Nimo tangu mvua za mwaka jana, na katika mtihani huu wa wachumba, kama alivyouona yeye, mpinzani wake wa pekee alikuwa ameshajiangusha mwenyewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mzee Abdiwahab hakuonekana ukumbini. Bila shaka anachungulia mahali, Salah alijiambia, akanyoosha mgongo. Aliyekuwepo ni Risper, mwanachuo mwenzake Nimo kutoka Siaya, aliyeshika simu akipiga video.

"Una kilo ngapi?" Risper aliuliza.

"Mia moja na tano," Salah alijibu kwa fahari. "Na leo chakula ya mchana bado sijakula, wallahi."

Hatimaye akaketi. Kigoda hakikupasuka. Kilibonyea kidogo kidogo, bila mlio, kikazidi kubonyea mpaka magoti yake yakakaribia kidevu. Mapaja yalimtetemeka, jasho likamtiririka, lakini alitabasamu. Furaha ilimjaa kifua kizima. Akamtazama Nimo. Nimo alikuwa akitazama kigoda.

"Umeona, Risper?" alisema Nimo. "Uzito ukija kwa ghafla, kinavunjika. Ukija polepole, kinajikunja tu. Kazi yetu imekamilika."

Salah alikohoa. "Na mimi je? Nimefaulu?"

"Sana, walaal, ndugu yangu. Nilimwomba Awil anitafutie mtu mzito asiye na haraka, akaniapia kwamba anaye mmoja tu." Nimo akamwekea kikombe cha chai sakafuni, karibu na mkono wake. "Ijumaa usikose kuja kwenye nikaha yetu, mimi na Awil."