Mji Ambao Elinami Hakuutoa

Mchungaji Eliakimu alirudi nyumbani na familia yake baada ya miaka mingi ya kuhubiri ughaibuni. Wote walishafungua mizigo, isipokuwa binti yake Elinami, aliyezaliwa hukohuko. Yeye alikaa jikoni kwa bibi yake amevaa koti zito la baridi, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka.

"Vua koti, mke mwenzangu. Utaiva kabla ya kunde," Bibi alisema.

"Sivui. Mimi narudi kwetu."

"Haya. Kitendawili."

"Tega," Elinami alijibu. Huo mchezo baba yake alimfundisha.

"Watoto wangu wamelala kitanda kimoja, hawatoki mpaka nyumba ibomolewe."

Elinami aliwaza, akashindwa.

"Nipe mji," Bibi akadai, maana ndiyo desturi: ukishindwa unatoa mji, ndipo unapewa jibu.

"Chukua huu."

"Huu ni wangu tangu zamani. Nipe ule wenye theluji."

Elinami alitikisa kichwa. Kule ndiko waliko rafiki zake wote.

"Ule sikupi."

"Basi tafuta jibu. Na mikono isikae bure."

Elinami akavuta ungo wa kunde mbichi, akaanza kumenya. Ganda la kwanza lilimshinda. La pili likapasuka, na ndani kunde zilikuwa zimelala zimebanana. Akazitazama. Bibi alijifanya anachochea moto.

"Kunde," Elinami alisema polepole. "Na mji wangu unabaki wangu."

"Unabaki wako."

Akafungua kifungo cha juu cha koti, akachukua ganda jingine.

"Tega kingine, Bibi."