Gauni la Bi Mosi

Hivi mnajua kwamba hariri haitaki pasi itulie mahali pamoja? Siwema alijua vizuri. Tangu hajavunja ungo alikuwa akifua, akipika na kudeki kwa shangazi yake, Bi Mosi.

Alasiri ile alikuwa akinyoosha gauni la hariri la shangazi la kuendea harusini. Kesho yake yeye mwenyewe alikuwa na usaili, kazi ya udobi katika nyumba ya wageni. Bi Mosi, ameketi mkekani anapaka hina miguuni, chetezo cha udi kando yake, akajifanya bosi.

“Haya binti, umewahi kufanya kazi wapi?”

Siwema akapitisha pasi kwenye mkono wa gauni.

“Sema hujawahi,” shangazi akacheka. “Waambie ulikuwa kwangu tu, unakula na kulala. Huenda wakakuonea huruma.”

Siwema akaiweka pasi ya mkaa kifuani pa gauni, penye marembo ya uzi wa dhahabu, akaiachia. Moshi mwembamba ukapanda, ukachanganyika na wa udi.

“Niulize tena, shangazi.”

“Umewahi kufanya kazi wapi?” Macho ya Bi Mosi bado yalikuwa kwenye hina.

“Kwako. Na leo nimeacha.”