Hatua za Ersilia Kutoka Chemchemini

"Arobaini na moja, arobaini na mbili. Kushoto kwenu, wanangu, kanisa la Mtakatifu Biagio," alisema Ersilia, mwavuli juu kama kawaida yake. "Lilijengwa na wachunga kondoo, mwaka elfu moja mia tatu na—"

"Bibi, miaka tuiache," alimkatiza Gualtiero, kiongozi wa wageni. "Asubuhi kama hii huwa kuna nani ndani?"

"Padri tu. Naye wiki hii yuko Roma."

"Basi twende."

Wageni walikuwa sita na mbwa mmoja, watu wa kaskazini, wamesafiri usiku kucha. Hakuna aliyepiga picha, na Ersilia hakuwalaumu.

Kwa miaka thelathini alikuwa akiwatembeza watu Montefavo kinyumenyume, uso kwa wageni, mgongo kwa mji. Kila mlango aliujua kwa kuhesabu hatua, kuanzia chemchemi ya uwanjani. Leo alitembea akielekea mbele kama watu wengine, macho kwenye viatu, ila hesabu ilikuwa ileile.

Alilolitaka lilikuwa moja tu: wafike mapema kwa dada yake, Delfina. Nyumba ya Delfina ilikuwa ya mwisho katika mzunguko, na mwenyewe hakuwa mtu wa kungojeshwa.

"Ana ulimi huyo!" aliwaambia. "Ukichelewa kidogo tu, tambi zako anampa paka."

Mgeni mmoja alicheka, kisha akajizuia.

"Sabini na nne. Hapa kwa Osvaldo, mwoka mikate. Mkate wetu hautiwi chumvi, tangu enzi za—"

"Osvaldo analala wapi?"

"Si mmeonana naye? Yule aliyewapa maji kule chini."

Hata hivyo Gualtiero aliinua mkono. Wote wakasimama wakisikiliza, mbwa naye.

"Bibi, kwa dada yako hakuna njia ya mkato?"

"Ipo. Lakini ile siijui kwa hesabu."

"Tuonyeshe kwa kidole tu, ni upande gani."

Ersilia akainua kidole, kikabaki hewani. Alikuwa amefika sabini na ngapi vile? Akajaribu kukumbuka, lakini wapi!

"Nisameheni, wanangu. Imenipotea. Turudi chemchemini."

"Turudi?" alifoka yule aliyecheka. "Umezaliwa hapa, Bibi, unapoteaje?"

Ersilia akageuka, nao wakamfuata.

Chemchemini maji yalikuwa bado yanatiririka. Akaanza upya, moja, mbili, tatu. Safari hii hakuinua mwavuli, wala hakumtaja mtakatifu yeyote. Tisini. Mia na kumi. Jua lilikuwa limeshapanda, na kila alipoteleza Gualtiero alimshika kiwiko, naye akazidi kunong'ona namba zake kama anayesali rozari.

"Mia na thelathini na sita. Ni hapa," akasema. "Ngazi tatu, mlango wa kijani, jikoni kulia. Kiti chake kiko karibu na jiko."

Gualtiero alimfungua mbwa. Mbwa akanusa, akazunguka mara mbili, kisha akalala chini bila kubweka, akimtazama bwana wake.

Ersilia akapiga magoti juu ya vigae vya paa la dada yake, lililoangushwa chini na tetemeko, akauweka mdomo kwenye ufa.

"Delfina," aliita, "wageni wamefika."