Muhuri Uliosafiri

Hakuna anayeijua hadithi hii kunishinda mimi, ila jina la mji limenitoka.

Mwanahawa alikuwa amekuja ofisini mara ya nne. Barua ya mjukuu wake ilitaka muhuri wa chuma wenye nembo ya serikali, korongo wawili na ngao, na mwisho wa shule kumpokea mtoto ulikuwa siku hiyo hiyo saa tisa.

"Bibi, si nimekwambia?" karani Mbaruku akasema. "Muhuri kaondoka nao bwana mkubwa tangu wiki jana."

"Wiki jana ulisema una kutu."

"Basi kwanza ulishika kutu, ndipo ukasafiri."

Mwanahawa akasonya, akaketi. Miguu ilimwaka, na moyo zaidi. Mbaruku alipoona bibi haondoki, akamsogezea sahani ya vileja.

"Karibu, bibi yangu, upoe. Mke wangu kavioka leo asubuhi, bado vya moto."

Mwanahawa akachukua kimoja, akakiinua hadi machoni. Juu yake korongo wawili walisimama wima wameshika ngao, hata kucha zao zinahesabika.

"Na bwana mkubwa," akauliza, "naye kalala kwako?"

Mbaruku alikuwa na kileja mdomoni, hakimezeki, hakitemeki.